Mzizi Ambao Hakuna Aliyeuchagua: Uhakiki wa Sitiari na Istilahi za Mti Unganishi katika Usanidi wa Swichi za Mtandao

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha inayotumika kueleza usanidi wa mti unganishi, yaani itifaki inayozuia ujumbe kuzunguka bila kikomo katika mtandao wa swichi. Uhakiki unaanzia kwenye shairi la Radia Perlman liitwalo "Algorhyme" la mwaka 1985, kisha unapima istilahi tano ambazo mafundi na wakufunzi wanaotumia Kiswahili hukutana nazo: mti, mzizi, kipaumbele, lango lililozuiwa na chaguo-msingi. Hoja kuu ni kwamba istilahi hizi, hata pale zinapolingana vizuri na asili zake, huficha swali moja ambalo msimamizi wa mtandao hana budi kulijibu: ni nani aliyeuchagua mzizi? Makala yanapendekeza kwamba istilahi za kiufundi zipimwe pia kwa kitendo ambacho humwelekeza mtumiaji kukifanya.

1.0 Utangulizi

Swichi ni kisanduku chenye malango ambamo kebo za kompyuta, mashine za kuchapa na vifaa vingine vya ofisi huchomekwa ili vipashane habari. Swichi ya kawaida hununuliwa, huchomekwa na husahauliwa. Swichi inayosimamiwa ni tofauti. Ina anwani na nywila yake, na ina ukurasa au mstari wa amri ambamo fundi huipa maagizo. Miongoni mwa maagizo hayo ni yale yanayohusu mti unganishi. Ni machache, na fundi mzoefu huyaandika kwa muda mfupi. Hata hivyo, yakikosewa, chuo kizima, benki au hospitali inaweza kunyamaza kwa wakati mmoja.

Wanaistilahi wetu wamezoea kuipima istilahi kwa usahihi, uwekevu na uangavu wake. Vipimo hivyo ni vya lazima, lakini havitoshi. Istilahi ya kiufundi haikai kamusini tu. Hukaa pia kichwani mwa mtu aliyesimama mbele ya kabati la vifaa usiku, akitafuta kebo ya kuchomoa. Iwapo neno linamwambia kwamba jambo fulani limekwisha kuamuliwa, hatalichunguza. Iwapo linamwambia kwamba lango fulani lina kasoro, atalitengeneza. Kwa hiyo uhakiki huu unauliza, kwa kila istilahi, si kile inachomaanisha tu, bali pia kile inachomfanya mtu atende.

2.0 Kazi ya Mti Unganishi

Mbuni mwangalifu wa mtandao haunganishi majengo mawili kwa kebo moja. Akifanya hivyo, panya mmoja au sururu ya mchimba mtaro inatosha kuyatenganisha. Kwa sababu hiyo huweka kebo ya pili. Kebo ya pili huleta usalama, lakini papo hapo huleta kitanzi. Fremu za Etherneti hazibebi hesabu ya hatua ambayo ingezifanya zikome baada ya safari ndefu. Fremu ya tangazo, ambayo kila swichi hulazimika kuitoa kupitia malango yote isipokuwa lile iliyoingilia, huzunguka, hunakiliwa na kuzunguka tena. Muda si muda mtandao hujaa nakala za ujumbe uleule, na hakuna nafasi ya ujumbe mwingine kupita. Hali hii ndiyo tufani ya matangazo.

Itifaki ya mti unganishi huondoa kitanzi bila kuondoa kebo. Swichi hutumiana jumbe fupi, kwa kawaida kila baada ya sekunde 2. Mwanzoni kila swichi hujitangaza kuwa yenyewe ndiyo mzizi. Inaposikia habari za swichi yenye kitambulisho kidogo zaidi, huacha dai lake na kuanza kuitangaza ile nyingine. Mwishoni dai moja tu hubaki. Kisha kila swichi hutafuta njia ya gharama ndogo zaidi ya kuufikia mzizi, na malango yasiyo ya lazima huwekwa kando hadi yatakapohitajika.

Kitambulisho hicho kina sehemu mbili. Ya kwanza ni namba inayoweza kuwekwa na msimamizi, ambayo kwa kawaida hutoka kiwandani ikiwa 32768. Ya pili ni anwani ya kifaa ambayo mtengenezaji ameipachika. Kama hakuna aliyebadilisha namba ya kwanza, swichi zote hulingana, na anwani ndiyo inayoamua. Anwani haijui swichi ipi ina nguvu, ipi iko katika chumba chenye umeme wa akiba, wala ipi imefichwa chini ya meza ya karani. Tena, kwa kuwa watengenezaji hugawa anwani kwa mfululizo, mara nyingi kifaa cha zamani huwa na anwani ndogo kuliko kipya kutoka kiwanda hichohicho. Hivyo basi, kifaa dhaifu kuliko vyote kinaweza kuwa kitovu cha njia zote, na kwa miezi mingi hakuna atakayejua.

3.0 Shairi kama Maelezo ya Kiufundi

Ni nadra kwa kiwango cha kiufundi kuzaliwa pamoja na shairi. Perlman alibuni itifaki hii akiwa Digital Equipment Corporation, na makala yake ya mwaka 1985 yalitanguliwa na "Algorhyme," mwigo wa "Trees," shairi la Joyce Kilmer la mwaka 1913. Kama mtangulizi wake, "Algorhyme" lina mistari kumi na miwili yenye vina vya jozi; msomaji wetu angeliita tathnia. Kilmer aliusifu mti kama uumbaji unaoushinda utungo wa mshairi. Perlman aliuhamisha mti huo hadi kwenye hesabu ya grafu, ambako uzuri wake ni kwamba unafikia kila mahali bila kujirudia.

Kwa msomaji aliyelelewa na tenzi, si ajabu kukuta mafunzo yamefungwa ndani ya vina. Ubora wa shairi hili ni kwamba halipambi hoja, ndilo hoja. Linataja sifa ya mti, namna mzizi unavyopatikana, na namna njia zinavyopimwa, kwa mpangilio uleule ambao swichi huufuata. Aidha, ni kweli kuliko vitabu vingi vya mafunzo katika jambo moja: linakiri wazi kwamba mzizi hupatikana kwa namba ya kitambulisho, si kwa ubora.

Dosari yake, kama ni dosari, imo katika hitimisho. Shairi linaishia kwa utulivu wa mtu anayeamini kwamba binadamu akishaunganisha kebo zake apendavyo, vifaa vyenyewe vitajipangia yaliyobaki. Kama lengo la ubunifu, utulivu huo ulistahiki. Itifaki ilikusudiwa ifanye kazi bila usanidi wowote, na inafanya. Lakini kufanya kazi si sawa na kufanya kazi vizuri. Kiwango cha 802.1D kilipotolewa mwaka 1990, kiliacha namba ya kitambulisho mikononi mwa msimamizi kwa makusudi. Lugha iliyofuata ilirithi utulivu wa shairi na kusahau nafasi hiyo ya mtu.

4.0 Istilahi Tano Mbele ya Fundi

4.1 Mti

Pendekezo la kwanza linalomjia mfasiri ni "mti enezi," kwa kuwa mti huu unatandaa mtandao mzima. Tunalikataa. Kinachoenea katika mtandao wenye kitanzi ni tufani; mti huja kuzuia uenezi huo. Istilahi inayoutaja mwokozi kwa tabia ya adui yake inamchanganya mwanafunzi tangu somo la kwanza. "Mti unganishi" inataja kazi halisi: kuunganisha vyote. Sharti la pili, yaani kutokuwa na kitanzi, linabebwa na neno "mti" lenyewe, kwa kuwa tawi likishaachana na shina halirudi kujifunga humo.

Vilevile, "kitanzi" ni bora kuliko "mzunguko." Mzunguko katika Kiswahili mara nyingi ni jambo jema: mzunguko wa damu, mzunguko wa fedha. Kitanzi hunyonga. Fundi aliyefundishwa kuogopa kitanzi amefundishwa vyema.

4.2 Mzizi na uchaguzi

Wapo wanaopinga neno "mzizi" kwa kuwa mzizi wa mti uko chini na hauonekani, ilhali katika michoro ya mtandao swichi hiyo huwekwa juu. Pingamizi hili linajibiwa na mofolojia yetu wenyewe. Tunapochanganua kitenzi, mzizi ni kile kinachobaki baada ya viambishi vyote kuondolewa, nacho ndicho sehemu nyingine zote hupangwa kwa kukitazama. Swichi mzizi ni hivyohivyo: njia za wengine wote hupimwa kutoka kwayo. Neno libaki.

Tatizo liko kwenye "uchaguzi." Maelezo mengi husema swichi "huchagua" mzizi. Katika Kiswahili cha leo, uchaguzi una wagombea, wapigakura na matokeo yanayowakilisha matakwa ya walio wengi. Hapa hakuna hata kimoja. Kuna madai ya kila mmoja, na kuna namba inayoyazima. Anayesoma kwamba mzizi "umechaguliwa" hudhani kwamba sifa fulani imezingatiwa. Ni heri kusema mzizi "hupatikana" pale msimamizi asipoingilia, na "huteuliwa" pale anapoweka namba. Tofauti ya vitenzi hivi viwili ndiyo tofauti ya mtandao uliopangwa na mtandao ulioachwa.

4.3 Kipaumbele

Namba ya msimamizi hufasiriwa kwa kawaida kuwa "kipaumbele." Tafsiri ni sahihi kileksika, lakini ni hatari kimatumizi. Katika lugha ya kila siku, chenye kipaumbele kikubwa ndicho hutangulia. Katika swichi, namba ndogo ndiyo hushinda. Fundi anayetaka swichi ya chumba cha seva iwe mzizi, akiongozwa na neno, anaweza kuipa namba 61440, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote zinazokubalika, na kwa kitendo hicho akaiweka mwisho wa foleni.

Tunapendekeza "namba ya nafasi." Mtoto akirudi nyumbani na ripoti inayosema ameshika nafasi ya 3, mzazi hahitaji kuelezwa kwamba 3 ni bora kuliko 30. Hata neno "daraja," ambalo kiwango hulitumia kwa maana ya kiungo, katika mitihani yetu lina maana ya ngazi ambamo daraja la kwanza ni juu ya la pili. Utamaduni wa shule za Afrika Mashariki tayari umekwisha kufundisha hesabu hii. Istilahi inapaswa kuitumia.

4.4 Lango lililozuiwa

Katika toleo la awali la kiwango, lango lililowekwa kando lilisemwa kuwa limezuiwa. Kiswahili kikapokea kauli ya kutendwa pamoja na dhana zake zote: kosa, adhabu, kasoro. Fundi kijana akiona taa ya lango ina rangi tofauti na nyingine, na maelezo yanasema "limezuiwa," silika yake ni kulifungua. Njia rahisi ya kulifungua ni kuzima mti unganishi. Akiuzima, kitanzi kilichokuwa kimelala huamka.

Jambo la kuzingatiwa na wahakiki ni kwamba kiwango chenyewe kiliihakiki lugha yake. Toleo la haraka la itifaki, 802.1w la mwaka 2001, lilitenganisha hali ya lango na wadhifa wake. Hali ikaeleza tu kwamba fremu hazipitishwi kwa sasa. Wadhifa ukaeleza kwa nini: lango hili ni mbadala wa njia ya kwenda kwa mzizi, au ni la akiba. Mabadiliko hayo hayakuwa ya maneno tu. Katika itifaki ya zamani, njia ikikatika, mtandao uliweza kusubiri sekunde 30 hadi 50 kabla ya kupata njia nyingine. Katika mpya, lango linalojua kwamba ni mbadala huingia kazini kwa muda mfupi mno. Kiswahili kiufuate mfano huo na kuacha "lango lililozuiwa" kwa ajili ya "lango mbadala" na "lango la akiba." Hakuna fundi anayetupa tairi la akiba kwa kuwa halizunguki.

4.5 Chaguo-msingi

Istilahi hii imeenea katika programu zilizofasiriwa kwa Kiswahili, na ndiyo inayohitaji uhakiki mkali zaidi. Imejengwa kwa maneno mawili yenye heshima: chaguo, yaani kitendo cha anayechagua, na msingi, yaani kile kinachobeba jengo. Fundi anayesoma kwamba 32768 ni "chaguo-msingi" huisoma kama hekima ya waliotangulia. Ukweli ni kwamba namba hiyo iko katikati ya masafa ya awali, na imewekwa hapo ili kuacha nafasi chini na juu yake. Si ushauri. Ni ukimya. Tunapendekeza "thamani ya kiwandani," kwa sababu inasema ilikotoka na haidai zaidi ya hapo.

5.0 Mti Uliokua Kupita Kipimo

Gharama ya lugha inayotuliza inaweza kuonekana katika tukio moja linalofahamika vyema. Mnamo Novemba 2002, mtandao wa hospitali ya Beth Israel Deaconess jijini Boston, Marekani, ulianguka, na kwa takribani siku nne wauguzi na madaktari wakarudi kwenye karatasi. Mkuu wa teknolojia ya habari wa hospitali hiyo, John Halamka, alilieleza tukio hilo hadharani badala ya kulificha, na kwa hilo anastahili shukrani ya taaluma nzima. Chanzo cha papo kilikuwa mzigo mkubwa wa data kutoka kwa programu ya mtafiti. Chanzo cha ndani kilikuwa mti. Mtandao ulikuwa umepanuliwa kipande baada ya kipande, hadi umbali kati ya ncha zake ukazidi madaraja saba, kiwango ambacho vipimo vya muda vya itifaki vilikadiriwa kwacho.

Hapa sitiari inashiriki lawama. Miti hukua, ndivyo tunavyoijua. Hakuna mkulima wa mgomba wala mlinzi wa mkoko anayeuambia mti ukome kwenye tawi la saba. Lugha inayoita mtandao mti humruhusu mtu kuongeza swichi nyuma ya swichi kwa dhamiri safi. Hatudai kwamba neno peke yake liliangusha hospitali. Tunadai kwamba hakuna neno katika msamiati uliotumika lililotaja mpaka. Kwa Kiswahili tunaweza kulitaja: pamoja na "mzizi," istilahi "kina cha mti" iingizwe katika mafunzo tangu mwanzo, nayo ifafanuliwe kwa namba.

6.0 Pingamizi

Itasemwa kwamba amri za swichi zimeandikwa kwa Kiingereza na zitabaki hivyo, kwa hiyo mjadala huu hauna tija. Tunakubali nusu ya kwanza. Mradi wa Kilinux ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulionyesha kwamba programu ya mtumiaji wa kawaida inaweza kuzungumza Kiswahili. Mstari wa amri wa swichi haukuguswa, na huenda hauhitaji kuguswa. Lakini amri huandikwa baada ya maelezo, na maelezo hutolewa kwa mdomo. Fundi aliyesomea Bujumbura au Goma kwa Kifaransa na mwenzake aliyesomea Kampala kwa Kiingereza wakikutana mbele ya kabati moja, Kiswahili ndicho huwa lugha yao ya kuelewana. Katika nchi ambako Kiswahili ni lugha ya jirani kabla ya kuwa lugha ya nyumbani, msikilizaji hana wingi wa miktadha wa kusahihisha istilahi mbaya. Huipokea ilivyo.

Pingamizi la pili ni kwamba fundi mwema hujifunza kwa kutenda, si kwa kamusi. Ni kweli. Ila katika jambo hili, kujifunza kwa kutenda ni kujifunza kwa kuangusha mtandao wa watu wengine.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi kwa sheria iliyopitishwa bungeni mwaka 2017, na baraza la mawaziri la Uganda likaidhinisha hatua kama hiyo Julai 2022. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ipo Zanzibar. Hadhi imepatikana, kilichobaki ni kazi. Kwa washauri wa sera tunatoa mapendekezo matatu.

Kwanza, kamati za istilahi zipime maneno kwa zoezi. Wapewe mafundi wanafunzi maelezo yaliyoandikwa kwa istilahi pendekezwa, waombwe kusanidi mtandao mdogo wa majengo matatu: swichi ya chumba cha seva ipewe namba ya nafasi 4096, ya akiba 8192, nyingine ziachwe kwenye thamani ya kiwandani, malango ya kompyuta yatambulishwe kuwa ya ukingo, na yawekewe ulinzi wa kuyafunga pindi swichi isiyotarajiwa itakapochomekwa. Istilahi itakayowafanya wengi wakosee irudishwe kamatini, hata kama ni angavu kiasi gani.

Pili, zabuni za umma za vifaa vya mtandao zidai waraka wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, unaotaja swichi gani ni mzizi, gani ni akiba yake, kina cha mti ni kiasi gani, na nani aliamua hivyo na lini. Gharama ya waraka huo ni ndogo. Usipokuwepo, siku ya tufani hakuna atakayejua pa kuanzia.

Tatu, kamusi za tehama zisiishie kwenye neno na kisawe chake. Pale ambapo namba ndogo hushinda kubwa, kamusi iseme. Pale ambapo kifaa kimenyamaza ili mtu aamue, kamusi isikiite kimya hicho chaguo.

Perlman aliwapa wahandisi mti unaojipanga. Hakuwapa ruhusa ya kutouangalia. Kila mtandao wenye swichi za aina hii una mzizi sasa hivi, iwe msimamizi wake anaujua au haujui. Swali la kwanza analopaswa kuulizwa ni upi, na la pili ni nani aliyeuteua. Istilahi zetu zitakuwa zimefaulu pale fundi atakapoyajibu yote mawili kwa Kiswahili bila kusita.